UZI: Luis Buñuel, mtu aliyepiga picha za ndoto bila kuzitia ukungu

Mkaa Dirishani (mleta mada)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa filamu za kutisha kuna mkuu aliuliza kama ipo filamu ya zamani, ya bubu na isiyo na rangi, inayoweza kumfumbisha macho mtu mzima. Nikamjibu ipo, ina dakika 16 hivi, na nikaahidi kumletea habari za aliyeitengeneza. Ahadi ni deni.

Jamaa anaitwa Luis Buñuel. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1900 katika mji mdogo wa Calanda, mkoa wa Aragón, Uhispania. Baba yake alikwenda Cuba akiwa kijana, akafanya biashara ya vyuma, akarudi na mali, akaoa binti mdogo mno kwake kwa umri. Luis ndiye kifungua mimba kati ya watoto 7. Uzeeni aliandika kwamba kule Calanda Zama za Kati zilidumu mpaka Vita Kuu ya Kwanza, na ukisoma maisha yake unaona hatanii. Kengele za kanisa ndizo zilikuwa saa ya mji, redio na tangazo la msiba kwa pamoja.

Halafu kuna ngoma. Ijumaa Kuu, saa sita mchana juu ya alama, mji mzima wa Calanda unaanza kupiga ngoma na haunyamazi hadi Jumamosi. Watu wanapiga mpaka ngozi ya mikono inachubuka na damu inabaki kwenye wambo. Shikeni hizo ngoma, zinarudi ndani ya filamu zake miaka mingi baadaye.

Shule alisoma kwa mapadre Wajesuiti mjini Zaragoza, miaka 7. Imani ikamtoka, lakini kanisa halikumtoka. Mtu huyu alikaa maisha yake yote akisema yeye hamwamini Mungu, na karibu kila filamu yake ina padri, mtawa, msalaba au sala. Mwenyewe alikuwa na utani wake: namshukuru Mungu mimi ni mkana Mungu.

Mwaka 1917 akapelekwa Madrid, bweni moja la wanafunzi liitwalo Residencia de Estudiantes. Baba alitaka asomee kilimo. Yeye akapenda wadudu, akasomea wadudu kidogo, akaishia kwenye historia, huku jioni anapigana ngumi ulingoni. Pale bwenini ndipo alipokutana na vijana wawili: Federico García Lorca, mshairi, na Salvador Dalí, mchoraji. Fikirieni vijana hao watatu wamepanga korido moja, hakuna hata mmoja mwenye jina.

Naweka nukta hapa nikanywe chai. Sehemu ya jicho inakuja.

Kitasa Kibovu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha vitu mkuu.

Pweza Mkavu

Mleta mada usije ukatukimbia kama wale wa "itaendelea" halafu uzi unaota majani.

Mkaa Dirishani

Sikimbii. Tuendelee.

Mwaka 1925 Buñuel yuko Paris. Anaingia kuangalia filamu ya Mjerumani Fritz Lang, ile ya Mauti anayewachukua wapendanao, *Der müde Tod*, na anatoka akiwa ameshajua kazi yake ya maisha. Akaenda kujifunza kwa mwongozaji Jean Epstein, akawa msaidizi wake. Siku moja Epstein alimtuma akamsaidie mwongozaji mwingine, Abel Gance. Kijana akakataa, akasema hapendi kazi za huyo bwana. Epstein akamfukuza. Lakini akampa lifti ya gari kurudi mjini, na njiani akampa wasia: jihadhari na wale surealisti, naona unaelekea kwao.

Kwa wasiowajua, surealisti walikuwa kundi la washairi na wachoraji wa Paris chini ya André Breton. Walidai kwamba akili ya mchana, hii ya hesabu na adabu, ni kitambaa tu kimefunika kitu. Ukweli wa mtu uko ndotoni, kwenye tamaa na kwenye hofu asizozisema.

Buñuel akaenda kumtembelea Dalí kwao. Wakasimuliana ndoto. Yeye kaota wingu jembamba likiukata mwezi, kama wembe unavyopasua jicho. Dalí kaota mkono umejaa siafu. Wakaandika hadithi nzima kwa chini ya wiki moja kwa sharti moja tu: picha yoyote inayoweza kuelezeka kwa akili inatupwa. Mmoja akitoa wazo, mwenzake akisema "hapana", limekufa hapohapo bila mjadala.

Fedha alitoa mama yake Buñuel. Nusu yake kijana aliimaliza kwenye vilabu vya usiku kabla hajakodi hata kamera, maana na yeye alikuwa binadamu. Iliyobaki ikatengeneza *Un chien andalou*, yaani Mbwa wa Andalusia. Mle ndani hamna mbwa na hamna Andalusia. Lorca, ambaye ndiye alikuwa Mwandalusia kati yao, alichukia akidhani mbwa ni yeye.

Filamu inaanza na mwanamume ananoa wembe barazani. Ni Buñuel mwenyewe. Anatazama mwezi, wingu linapita. Halafu anamfungua jicho mwanamke aliyeketi kwa utulivu, na wembe unapita.

Ni jicho la ndama. Najua mtauliza.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Juni 1929. Buñuel alijificha nyuma ya pazia akiweka santuri zamu kwa zamu, tango la Argentina kisha muziki wa Wagner, na mifukoni amejaza mawe ya kuwarushia watazamaji wakianza fujo. Wakapiga makofi. Mawe akayamwaga kimyakimya. Filamu ikakaa kwenye jumba la sinema miezi 8.

Binti Machweo

Mimi niliiona hiyo chuoni na nusu ya darasa tulitoka nje. Hata mtafsiri wa kibanda umiza, wale wanaoweza kutafsiri filamu ya Kikorea bila kujua neno la Kikorea, angefika kwenye wale punda wawili waliooza juu ya piano akazima kipaza sauti.

Ila naomba kuuliza kwa heshima: kama haina maana, kwa nini tuisifu? Mtoto wangu pia anachora visivyo na maana.

Mkaa Dirishani

Dada, swali zuri, na ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi.

Angalia jinsi inavyopigwa. Ukiambiwa leo utengeneze filamu ya ndoto utaweka moshi, mwangwi, taa za zambarau, kamera inayumba. Buñuel hafanyi lolote katika hayo. Kamera imetulia, taa ya kawaida, chumba kama cha shangazi yako, mtu kavaa suti. Na ndani ya chumba hicho mwanamume anavuta piano mbili kwa kamba, zimefungwa mapadre wawili na hao punda wako. Mmoja wa mapadre ni Dalí. Inaonyeshwa kama taarifa ya habari. Ndiyo maana inakaa kichwani, kwa sababu ukiwa ndotoni hujui kuwa unaota. Kila kitu ni cha kawaida mpaka uamke.

Huo mkono hakuubadilisha kwa miaka karibu 50. Wengine waliiga mapunda, wakasahau utulivu.

Mzee wa Kahawa Chungu

Kijana, umeeleza vizuri, ila usiwaruke waliolipa gharama. Filamu yake ya pili, *L'Âge d'or*, ya 1930, ililipiwa na tajiri Charles de Noailles kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mkewe. Desemba mwaka huo makundi ya mrengo wa kulia yalivamia jumba la Studio 28 pale Paris, wakamwaga wino kwenye pazia la sinema, wakachana michoro ya Dalí, Max Ernst na Miró iliyotundikwa ukumbini. Mkuu wa polisi akaipiga marufuku na ikakaa kifungoni takriban miaka 50. Yule tajiri akatimuliwa kwenye klabu yake ya mabwanyenye. Zawadi ya mke hiyo!

Mkaa Dirishani

Shikamoo mzee. Umenimalizia kazi. Na ngoma za Calanda zimo humo, kwenye sauti, mwishoni.

Sasa niwapeleke ambako wengi hawafiki. Mwaka 1933 alikwenda Las Hurdes, milima maskini kuliko yote ya Uhispania, kupiga filamu ya dakika 27. Fedha ilitoka wapi? Rafiki yake Ramón Acín, mwalimu na mwanaharakati wa kianakisti (wale wasiotaka serikali yoyote), alikuwa amemwambia kwa mzaha: nikishinda bahati nasibu nitakulipia filamu. Akashinda, na hakumeza neno lake. Agosti 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Acín alipigwa risasi na wafuasi wa Jenerali Franco, yule aliyekuja kuitawala Uhispania kidikteta, na mkewe wakamuua siku chache baadaye. Lorca naye aliuawa mwezi huohuo.

Kitasa Kibovu

Hiyo ya Las Hurdes nimeiona kwenye simu. Mkuu samahani, lakini ile ni uongo. Kuna mbuzi anaanguka jabalini, msimulizi anasema mbuzi huteleza wakafa ndipo watu wale nyama. Simamisha picha: pembeni kulia kuna moshi wa bunduki! Wamemtandika risasi. Na punda anayeuawa na nyuki, inasemekana walimpaka asali.

Mkaa Dirishani

Ni kweli, na sina utetezi wa mbuzi wala wa punda.

Ila sikiliza sauti ya msimulizi. Anasoma habari za watu wanaokufa kwa baridi ileile ya mtu anayesoma bei za mazao, na chini yake kuna muziki mzito wa Brahms usiofanana kabisa na unachokiona. Nadhani anataka uchukie namna ile ya kuwatazama maskini. Unakaa kwenye kiti, unatikisa kichwa, "masikini weee", halafu unakwenda kula. Moshi ule wa bunduki umebaki kwenye picha, na mtu aliyejua kukata filamu kama yeye angeweza kuuondoa kwa mkasi mmoja. Hilo ni wazo langu tu, sidai alisema.

Daktari mashuhuri Gregorio Marañón aliiona akamuuliza kwa nini hakuonyesha ngoma nzuri za kienyeji za eneo lile. Serikali ya Jamhuri, hiyohiyo aliyoiunga mkono, ikaifungia.

Shangazi wa Bandarini

Hahaha, "ngoma nzuri za kienyeji". Huyo daktari tunaye kila wizara duniani.

Pweza Mkavu

Mkuu ruka mpaka Hollywood. Alitoboa?

Mkaa Dirishani

Hakutoboa. Vita vilimfikisha Marekani mwaka 1938. Mwaka 1941 akapata kazi kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kisasa, New York, kuhariri filamu za kuonyeshwa Amerika ya Kusini. Halafu Dalí akatoa kitabu cha maisha yake na kumtaja rafiki yake wa zamani kuwa mkana Mungu. Kwa Marekani ya wakati ule hiyo ilikuwa kama kumchongea mtu kwa mwajiri. Mwaka 1943 akajiuzulu. Urafiki ukafa hapo. Baadaye alikwenda Los Angeles kusimamia filamu za Warner zinazotiwa sauti ya Kihispania. Mtu aliyeitikisa Paris, sasa anakagua kama midomo inalingana na maneno.

Mwaka 1946 akatua Meksiko kama mtu wa kupita. Alikaa mpaka kufa, na uraia akachukua.

Na hapa ndipo ninapogombana na wanaomwandika kama malaika wa sanaa. Meksiko alikuwa kibarua. Ya kwanza, ya mwaka 1947, yenye waimbaji nyota wawili, ilianguka vibaya, akakaa bila kazi zaidi ya miaka 2 akila hela za mama, na umri unakaribia 50. Ndipo akapewa kichekesho cha kawaida kabisa kikauza. Akazoea kupiga filamu nzima ndani ya siku 18 hadi 24, picha chache, kanda haipotei, kuunganisha ni siku chache. Mtu wa ndoto alikuwa fundi wa ratiba! Ule utulivu ninaousema, bajeti finyu ndiyo iliukomaza.

Halafu 1950 ikaja *Los olvidados*, Waliosahaulika.

Alizunguka mitaa ya mabanda ya Jiji la Meksiko kwa miezi, amevaa nguo kuukuu, anasikiliza. Kisha akatengeneza filamu ya watoto wa mtaani ambamo maskini hajawa malaika. Mtoto anamuua mwenzake. Omba omba kipofu ni mwovu. Na mama anamnyima chakula mwanawe. Siku ya kupiga picha hiyo ya mama, msusi wa nywele aliacha kazi, akasema hakuna mama wa Kimeksiko anayeweza kufanya hivyo. Humohumo kuna ndoto ya mtoto mwenye njaa: mama anamjia polepole, nywele wazi, anamnyooshea pande la nyama mbichi. Nimeona filamu nyingi. Sijaona picha ya njaa inayoishinda ile.

Iliondolewa kwenye majumba ya sinema baada ya siku chache tu. Magazeti, vyama vya wafanyakazi, kila mtu anataka mgeni huyu afukuzwe, ametuchafulia nchi. Mwaka uliofuata tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakampa tuzo ya mwongozaji bora, na mshairi Octavio Paz akasimama pale akigawa makala aliyoiandika kuitetea. Filamu ikarudi Meksiko na watu wakapanga foleni. Leo UNESCO imeiweka kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia.

Binti Machweo

Hapo umenigusa. Kila tukionyeshwa mtaa wetu kwenye filamu ya mgeni tunasema "wametudhalilisha". Na mara nyingi ni kweli wametudhalilisha. Nitatofautishaje?

Mkaa Dirishani

Sina kipimo dada. Mimi natazama kama maskini wa kwenye filamu ana haki ya kuwa mbaya. Akipewa haki ya kulia tu, naondoka.

Shangazi wa Bandarini

Mleta mada umezunguka dunia nzima lakini mke hujamtaja. Jeanne Rucar, Mfaransa, walioana 1934, wana wawili wa kiume. Naye aliandika kitabu, jina lake kwa Kiswahili ni kama "Kumbukumbu za mwanamke asiye na piano". Asiye na piano kwa sababu bwana mkubwa aliligawa bila kumuuliza. Wivu wa kutisha, mke hana neno nyumbani. Mwanamapinduzi wa Paris huyo, akivuka kizingiti chake anakuwa babu yangu wa Lamu.

Mkaa Dirishani

Shangazi, nimekubali kosa. Na cha ajabu ni kwamba alijijua. *Él*, ya 1953, ni ya mume mwenye wivu unaogeuka wazimu, na alikiri kuna chake humo. Mwanasaikolojia Jacques Lacan alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake filamu hiyo kama somo.

Nimalizie, mkono umechoka.

Mwaka 1961 serikali ya Franco ikamkaribisha nyumbani atengeneze filamu. Akatengeneza *Viridiana*: mtawa mtarajiwa anayekusanya omba omba awatendee wema, wanaishia kuvamia meza ya karamu na kukaa sawasawa na mchoro wa Karamu ya Mwisho. Mkaguzi wa filamu alikataa mwisho wa awali, ambapo binti anagonga mlango wa chumba cha binamu yake na mlango unafungwa nyuma yake. Sawa, akasema Buñuel. Akaandika mwingine: binti anaingia, anamkuta binamu na mtumishi wa kike, na wote watatu wanakaa kucheza karata. Mkaguzi akapitisha. Soma tena polepole uone alichopitisha.

Ikashinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ikigawana na filamu ya Kifaransa. Mkurugenzi wa sinema wa Uhispania mwenyewe akapanda jukwaani kuipokea kwa bashasha. Gazeti la Vatikani likailaani, mkurugenzi akapoteza kazi, na Uhispania ikaifungia hadi 1977. Nakala ilikuwa Paris tayari.

Mwaka 1962, *El ángel exterminador*: wageni wa karamu ya matajiri wanashindwa kutoka sebuleni. Mlango uko wazi. Hakuna anayewazuia. Siku zinapita, wanakunywa maji ya bomba walilovunja ukutani, wanachinja kondoo. Mwanzoni wageni wanaingia nyumbani mara mbili, picha ileile imerudiwa, na mpiga picha wake Gabriel Figueroa alimwendea kumwambia kuna kosa limefanyika kwenye kuunganisha.

Za Ufaransa mnazijua zaidi: *Belle de jour* ya 1967 na Catherine Deneuve, na ile ya 1972 ya watu sita wanaotaka kula chakula cha jioni na hawali, iliyompa Oscar. Kabla ya tuzo aliwatania waandishi wa Meksiko kwamba ameshailipia dola 25,000. Wakaandika! Kukawa na zogo. Aliposhinda akasema Wamarekani wana kasoro zao, ila wakiahidi wanatimiza.

Alifariki Jiji la Meksiko, 29 Julai 1983.

Pweza Mkavu

Kwenye Belle de jour, lile boksi la yule mteja linalovuma kama nyuki. Ndani kuna nini? Nimetafuta mtandao mzima.

Mkaa Dirishani

Aliulizwa hilo kuliko swali lolote. Alikuwa akijibu: chochote unachotaka kiwemo. Mwenyewe alikuwa hajui.

Mzee wa Kahawa Chungu

Ongeza na ya magazeti, kijana. Kwenye kitabu chake cha mwisho alisema kufa hakumsumbui sana, kinachomuuma ni kutojua kitakachofuata. Angependa kila baada ya miaka 10 afufuke, aende kibandani anunue magazeti, asome maafa yote ya dunia, kisha arudi kaburini alale.

Kitasa Kibovu

Mrejesho wakuu. Jana usiku nimeanza ile ya wageni wa sebuleni, tuko mimi na shemeji zangu wawili. Wamefika pale wanapomleta yule kondoo, umeme ukakatika mtaa mzima. Ilikuwa saa tano. Shemeji walitakiwa kuondoka saa nne. Mpaka naandika hivi kumekucha, wamelala kwenye kochi, mlango haujafungwa hata kwa komeo.